Wanangu, Herufi Iguswe Mara Moja

Wanangu mnaoandika programu kwa C, tulieni kidogo niwaambie jambo. Nasikia mnailaumu XML. Mnasema ni nzito, faili la megabaiti mia tano linaikalisha seva dakika kumi, na mmekwisha kumpelekea mkubwa wenu maombi anunue mashine yenye prosesa nyingi zaidi. Tusifichane, hata mimi XML siipendi. Ina maneno mengi kuliko habari, na kila tegi iliyofunguliwa lazima ifungwe kwa jina lake lile lile, utadhani msomaji ni msahaulifu. Lakini nikipekua programu inayokwenda kwa kusuasua, mara nyingi sikuti XML ndiyo mkosaji. Nakuta herufi moja imesomwa, ikahesabiwa, ikanakiliwa, ikahesabiwa tena, ikalinganishwa, ikanakiliwa mara nyingine, kisha ikatupwa bila kutumika. Herufi iguswe mara moja; ikizidi sana, mbili. Hilo ndilo neno langu, na mengine yote nitakayosema ni matawi yake.

Msidhani nawasimulia habari za kale. Ni kweli XML ilipitishwa na W3C tarehe 10 Februari 1998, baadhi yenu hamjazaliwa, na ni kweli kwenye tovuti na simu JSON imekwisha kuinyang'anya nafasi. Lakini nendeni benki mkaulize. Ujumbe wa malipo wa ISO 20022 ni XML, na mabenki yaliyo kwenye mtandao wa SWIFT yalianza kuhamia huko kwa malipo ya kuvuka mipaka Machi 2023, yakapewa hadi Novemba 2025 yawe yamemaliza. Ankara za Serikali ya Tanzania zinazopitia mfumo wa malipo wa GePG hubebwa na XML. Hati ya Word ukiipasua ndani utakuta XML iliyobanwa kwa zip. Nayo ramani ya OpenStreetMap, ile ambayo vijana wa Ramani Huria waliizungukia mitaa ya Dar es Salaam kuanzia 2015 wakichora nyumba, njia na mifereji kwa ajili ya mafuriko, hutolewa kwa XML pia. Nitaishika hiyo ramani iwe mfano wangu, kwa sababu kila mmoja wenu anaweza kuipakua bure na kunisuta nikikosea.

Tazameni mstari mmoja tu wa faili hilo:

<tag k="building" v="yes"/>

Maana yake: hili ni jengo. Ni baiti 27, na habari yenyewe ni herufi 11. Kwa jiji kama Dar es Salaam mstari huo hujirudia kwa malaki. Sasa lifuateni neno yes ndani ya programu za namna ninayoletewa niziangalie. Kichanganuzi kinalipata neno na kinajua fika lilipoanzia na lilipoishia. Kinamkabidhi kijana wetu. Kijana anaita strlen ajue urefu, jambo ambalo kichanganuzi kilikuwa kimekwisha kulijua. Anaomba kumbukumbu kwa malloc, ananakili. Analipeleka kwenye fankisheni ya pili, nayo kwa uangalifu wake inaita strdup, ambayo ndani yake ni strlen nyingine, malloc nyingine na kunakili kwingine. Kisha anazigeuza herufi zote ziwe ndogo, analinganisha kwa strcmp na maneno thelathini moja baada ya jingine, anagundua kwamba ni yes, anawasha biti moja, anaita free mara mbili. Mara malaki kadhaa. Halafu lawama iende kwa XML!

Maradhi haya yana asili yake ndani ya C yenyewe. Dennis Ritchie na wenzake wa Bell Labs, mwanzoni mwa miaka ya 1970, walikubaliana kwamba stringi ni herufi zilizofuatana hadi ifike baiti ya sifuri. Urefu hauandikwi popote. Ukiutaka, tembea tangu mwanzo hadi sifuri ukihesabu. Kwa mashine ndogo za wakati ule, ambako kila baiti ilikuwa na thamani, uamuzi huo ulieleweka. Mwaka 2011 Poul-Henning Kamp aliandika katika jarida la ACM Queue kwamba huenda hilo ndilo kosa la baiti moja lililoigharimu dunia ya kompyuta kuliko jingine lolote. Sina haja ya kubishana naye. Ninachowaambia ni kwamba lugha haikuwatunzia urefu, kwa hiyo utunzeni wenyewe.

Hasara kubwa kuliko zote huja pale maandishi yanapokusanywa kipande kwa kipande. Expat, maktaba ya James Clark ambayo wengi wenu mnaitumia, haikupi maandishi ya elementi yote kwa mkupuo. Inaita fankisheni yako na kukupa pointa na urefu, bila sifuri mwishoni, tena inaweza kukuita mara nyingi kwa maandishi yaliyo ndani ya elementi moja. Mstari unakuja peke yake, alama ya mstari mpya inakuja peke yake, &amp; inakatisha kipande, na mwisho wa bafa unakatisha pia. Haya yameandikwa kwenye maelezo ya maktaba tangu zamani, na kila mwaka nakutana na kijana anayeshangaa jina la mtaa limekatika katikati. Anapoligundua hilo, anarekebisha kwa strcat.

Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize. strcat haijui ulipoishia. Kila unapoongeza kipande hutembea tangu herufi ya kwanza kutafuta sifuri, ndipo ibandike. Ni sawa na msomaji ambaye kila akitaka ukurasa unaofuata huanza kitabu tangu jalada. Fanyeni hesabu: maandishi ya herufi milioni moja, yaliyokuja kwa vipande laki moja vya herufi kumi kumi. Kwa kipande cha mwisho peke yake strcat inapita karibu herufi milioni. Jumla yake, tangu kipande cha kwanza hadi cha mwisho, ni karibu bilioni 50. Faili la megabaiti moja! Na ubaya wake haujitokezi mapema. Faili la majaribio la vipande mia linakwenda vizuri, mnapongezana, mnalipeleka kazini, na siku mteja anapoleta faili lililo kubwa mara kumi, kazi inakuwa nzito mara mia.

Dawa yake haihitaji ujuzi mkubwa. Wekeni struct yenye vitu vitatu: pointa, urefu uliotumika, na nafasi iliyopo. Kipande kikija na urefu wake, memcpy moja hadi mahali pointa pamoja na urefu panapoelekeza, ongeza urefu, basi. Nafasi ikiisha, iongezeni maradufu. Nasisitiza maradufu, kwa sababu wapo wanaoongeza baiti 1,024 kila mara wakidhani wanabana matumizi. Kufikia megabaiti moja kwa mwendo huo, realloc ikilazimika kuhamisha kila mara, utakuwa umenakili karibu nusu gigabaiti. Ukiongeza maradufu, unakili wote kwa jumla hauzidi ukubwa wa mwisho wa bafa. Elementi ikifungwa, usiachie bafa. Rudisha urefu kuwa sifuri, uitumie kwa elementi inayofuata.

Ziko pia strlen zilizojificha, na hizi zinawaponyoka hata walio makini. Mwanzoni mwa 2021 mchezaji mmoja wa GTA Online alichoka kungoja mchezo ufunguke kwa dakika kadhaa, akaifungua programu na kuichunguza. Akakuta mchezo unasoma faili la JSON la megabaiti 10 lenye bidhaa zipatazo 63,000, na kila kipande kinasomwa kwa sscanf. Katika maktaba nyingi za C, sscanf kabla haijafanya lolote huutafuta kwanza mwisho wa stringi nzima. Kwa hiyo kila namba ndogo ilipotakiwa, megabaiti zote zilizobaki zilitembelewa. Akaziba tundu hilo na jingine la kukagua bidhaa zilizojirudia, muda wa kungoja ukapungua kwa karibu asilimia 70. Kampuni ya Rockstar ilikubali, ikarekebisha, ikamtunza dola 10,000. Ilikuwa JSON, lakini kosa lenyewe halichagui muundo wa faili, na kampuni ile haikukosa pesa wala wataalamu.

Strncpy nayo iogopeni kwa sababu nyingine. Wengi huitumia wakidhani ni strcpy yenye usalama. Ukiipa bafa ya baiti 1,024 na neno yes, inaandika herufi tatu kisha inajaza sifuri 1,021 hadi bafa iishe. Neno likiwa refu kuliko bafa, haiweki sifuri hata moja. Sijui mtu angebuni vipi fankisheni inayokosea pande zote mbili kwa ustadi zaidi ya huo. Na kitanzi kinachoita strlen(s) katika sharti lake msikitetee kwa kusema kompaila itakirekebisha. Huenda ikarekebisha, mradi ndani ya kitanzi huandiki chochote kupitia pointa ya char. Ukianza kubadili herufi humo humo, haiwezi tena kuthibitisha kwamba urefu haukubadilika, na strlen inaitwa kila mzunguko.

Msiyaone haya kama makosa ya wanagenzi tu. Expat yenyewe, maktaba iliyosomwa na macho mengi kwa zaidi ya miaka ishirini, ilibeba kosa la ukoo huu huu hadi toleo 2.6.0 la Februari 2024. Tegi kubwa sana ikiletwa kwa vipande vidogo vidogo, kila kipande kilipofika kichanganuzi kilianza kuisoma tegi ile upya tangu mwanzo, kikaona haijakamilika, kikangoja. Mtu mwenye nia mbaya aliweza kuichosha seva kwa faili lisilo kubwa sana. Likapewa namba CVE-2023-52425, likarekebishwa kwa kukifanya kichanganuzi kisubiri data iongezeke vya kutosha kabla ya kujaribu tena. Basi angalieni toleo mnalotumia, kisha angalieni pia mnavyoilisha: kusoma faili kwa baiti 64 kwa mpigo ni kujitafutia balaa. Na badala ya kusoma kwenye bafa yenu kisha kuita XML_Parse, ombeni bafa kwa XML_GetBuffer, someni faili moja kwa moja humo, kisha XML_ParseBuffer. Unakili mmoja umeondoka.

Niseme sasa juu ya malloc. Kwenye Linux ya biti 64 yenye glibc, ukiomba nafasi ya neno yes, yaani baiti nne pamoja na sifuri yake, unakatiwa kipande cha baiti 32. Neno building pia 32. Herufi 11 zimekula baiti 64, ukiacha pointa zenyewe na muda wa kuomba na kurudisha. Zidisheni kwa malaki. Na ubaya mwingine hauonekani kwenye hesabu: vipande hivyo husambaa kumbukumbu nzima, prosesa ikivifuata inakosa kuvikuta kwenye kashe, inakaa ikingoja.

Njia ninayoipenda ni kuomba donge kubwa, tuseme kilobaiti 64, na kuwa na pointa moja inayosogea mbele kila stringi inapohitaji nafasi. Donge likijaa, omba jingine. Kazi ya faili ikiisha, madonge yote yanaachiliwa kwa mara moja, na zile free elfu na elfu hazipo tena, wala kumbukumbu inayovuja kwa sababu mtu alisahau moja. Njia hii haifai kila mahali. Programu inayokaa miezi bila kuzimwa, ikipokea na kufuta bila mpangilio, itajikuta na madonge yaliyojaa maneno ya marehemu. Lakini kuchanganua faili kuna mwanzo na mwisho, na ni kazi iliyoumbwa kwa mtindo huu.

Kwa maneno yanayojirudia kama highway, building, name na yes, hata hiyo haitoshi. Hayo yahifadhini mara moja tu katika jedwali la heshi, kila linapotokea tena mpewe pointa ile ile ya kwanza. Libxml2 ya Daniel Veillard inafanya hivyo kwa majina ya elementi na atributi kupitia kamusi yake, xmlDict. Faida ya kwanza ni kumbukumbu. Ya pili naiona kubwa zaidi, kwamba kulinganisha maneno mawili kunakuwa kulinganisha pointa mbili, bila kugusa herufi hata moja. Ila mkijitengenezea jedwali lenu na mnapokea mafaili ya watu msiowajua, tieni chumvi ya kubahatisha ndani ya heshi. Mwaka 2012 Expat ililazimika kufanya hivyo, kwa sababu mtu angeweza kuchagua majina yanayoangukia kapu moja na kuligeuza jedwali kuwa foleni.

Pasipo jedwali, linganisheni urefu kwanza. Neno la herufi nane haliwezi kuwa yes, na kulijua hilo hakuhitaji kusoma neno. Switch juu ya urefu, kisha herufi ya kwanza, kisha memcmp moja ya kuthibitisha, inatosha kwa shughuli nyingi. Majina yakiwa mengi na hayabadiliki, gperf ya GNU itawatengenezea heshi isiyogongana.

Namba nazo ni stringi hadi mzigeuze. Faili la ramani lina latitudo na longitudo kwa mamilioni, na kijana hukimbilia strtod au atof. Strtod ni fankisheni ya kuheshimiwa, ila inabeba mzigo wa namba za kila namna, tena inafuata desturi za lugha iliyowekwa kwenye mashine. Programu ikiita setlocale kwenye mashine iliyowekewa Kifaransa, kama nyingi za Lubumbashi au Bujumbura, alama ya desimali inakuwa mkato; strtod ikikutana na nukta katika -6.8432107 inasimama pale pale na kukurudishia -6. Hakuna kosa linalotangazwa. Kwa kuwa OpenStreetMap hutunza desimali saba, chukueni namba kama nambari kamili iliyozidishwa kwa milioni kumi: 39.2741056 inakuwa 392741056. Hata nyuzi 180 zinakuwa 1,800,000,000, zinaingia katika biti 32 zenye alama bila taabu, na unazisoma herufi kwa herufi katika kitanzi kile kile kinachotafuta alama ya kufunga nukuu.

Ila hapo pana shimo, na wakazi wa Afrika Mashariki ndio wa kwanza kutumbukia. Kijana husoma sehemu ya kushoto ya nukta kwa atoi, kisha ya kulia, akaziunganisha. Kisumu iko kusini kidogo ya ikweta, na latitudo yake huanza na -0.0 na kuendelea. Atoi ya "-0" ni sifuri, na sifuri ya nambari kamili haina hasi. Alama imepotea, Kisumu imevuka ikweta, imehamia kilomita zipatazo ishirini kaskazini. Aliyejaribu programu yake kwa Dar es Salaam au Nairobi hatalijua hilo kamwe. Alama ya kutoa ishikeni peke yake tangu herufi ya kwanza, muitie mwishoni.

Mpaka hapa nimewahimiza muelekeze badala ya kunakili, na nikiishia hapo nitakuwa nimewapa wembe bila ala yake. Pointa mnayopewa na Expat ndani ya fankisheni yenu ina uhai wa wito huo tu. Ukiitunza kuitumia baadaye, utakuta humo maandishi mengine kabisa, na siku nyingine utakuta yale yale, jambo lililo baya zaidi kwa sababu litakudanganya upite majaribio. Bafa yenu ikikuzwa kwa realloc, pointa zote zilizoelekea ndani yake zimekufa kwa pamoja. Kwa hiyo tunzeni umbali kutoka mwanzo wa bafa na urefu, msitunze pointa. Vilevile katika SAX2 ya libxml2, thamani ya atributi huja kama pointa ya mwanzo na pointa ya mwisho; anayeiprinti kwa %s tu ataprinti na mkia wa faili.

Na mmap. Wengi mmeipenda, na mna haki: faili zima linaonekana kama kumbukumbu bila kunakili hata baiti moja. Lakini faili halina sifuri mwishoni. Kurasa za kumbukumbu kwa kawaida ni baiti 4,096, na faili lisipojaza ukurasa wake wa mwisho, kernel hujaza sifuri nafasi iliyobaki. Basi strlen na strchr juu ya mmap zinafanya kazi. Zinafanya kazi leo, kesho na mwezi ujao, hadi siku faili litakapokuwa na ukubwa unaogawanyika kwa 4,096 bila baki. Hapo hakuna sifuri, strlen inavuka mpaka, programu inaweza kuanguka, na mkijaribu kulirudia kosa kwa faili lililoongezwa nafasi moja tu mwishoni, halirudi. Kwa mmap tumieni memchr yenye urefu. Tena memchr ya glibc inakagua baiti 16 au 32 kwa mpigo, kitanzi chenu cha herufi moja moja hakiifikii. Kutafuta < kwa namna hiyo ndani ya UTF-8 ni salama kabisa, kwani Ken Thompson na Rob Pike walipoibuni mwaka 1992 walihakikisha baiti za ASCII hazitokei ndani ya herufi ya baiti nyingi.

Najua tayari yuko kati yenu anayewaza kuandika kichanganuzi chake mwenyewe kitakachozishinda maktaba zote. Andika, utajifunza, kisha usikipeleke kazini. Kinakuwa chepesi kwa sababu hakijui nusu ya XML. Chukueni Chang'ombe, ile ya Temeke. Kwa alama ya kawaida ya kibodi ni baiti 10. Ikiandikwa kwa &#39; ni baiti 14, kwa &apos; ni 15, na ikiandikwa kwenye simu inayopindisha alama hiyo kuwa ’ ni 12. Tatu za kwanza ni neno moja, na kichanganuzi cha kweli kitazileta zikiwa sawa. Ya nne ni neno jingine kwa kompyuta, na kuamua kama yaunganishwe ni kazi yenu, si ya maktaba. Sisi tunaoandika Kiswahili kisicho na alama juu ya herufi tumezoeshwa kuamini kwamba herufi ni baiti moja, na mara nyingi alama hii ndogo ya ng' ndiyo ya kwanza kutuumbua.

Vifupisho vya kawaida vya XML vina jambo moja la kufurahisha: vikifasiriwa hupungua daima. &amp; ya baiti tano inakuwa moja, na hata rejeleo refu la &#x10FFFF; la baiti kumi linakuwa nne. Kwa sababu hiyo mnaweza kuvifasiri pale pale ndani ya bafa, kama zifanyavyo pugixml na RapidXML, bila kuomba nafasi mpya. Lakini vifupisho ambavyo mwandishi wa faili amejitungia vinaweza kuvimba. Faili lisilofika kilobaiti moja, lenye kifupisho kinachotaja kingine mara kumi, nacho kingine mara kumi, hadi tabaka tisa, linazaa maneno bilioni moja na kuzimaliza gigabaiti za seva. Expat iliwekewa kinga ya hilo katika toleo 2.4.0 la mwaka 2021. Ya kwenu itawekewa na nani?

Kabla ya kubadili mstari wowote, pimeni. Jengeni programu kwa -O2, iendesheni chini ya perf record kwa faili kubwa la kweli, kisha msome perf report. Mkikuta strlen, malloc na memmove ndizo zimekaa juu ya orodha, haya niliyosema yanawahusu. Mkikuta muda unaliwa na hifadhidata, acheni stringi zenu zipumzike. Pimeni kwa ukubwa wa aina tatu, kila mmoja ukiwa maradufu ya uliotangulia. Muda ukiongezeka mara nne badala ya mbili, mahali fulani pana strcat au ndugu yake.

Na mkimaliza kubadili, fanyeni jaribio hili. Tengenezeni faili dogo la mistari michache: Chang'ombe kwa maandishi yake yote manne, Kisumu na hasi yake, elementi tupu, maandishi yenye mistari miwili. Lipitisheni kwenye programu yenu likiwa zima, kisha kwa vipande vya baiti moja moja, kisha mbili mbili, hadi ukubwa wa faili lenyewe, chini ya AddressSanitizer. Matokeo yote yafanane herufi kwa herufi. Katika ukubwa wa baiti moja alama ya ’ itakatwa vipande vitatu na &apos; vipande sita, na hapo mtaona nani ametunza urefu na nani anategemea bahati. Faili hilo liwekeni pamoja na msimbo, jaribio liendeshwe kila mtu anapogusa kitu. Kwa faili dogo kiasi hicho linakwisha kabla hamjainua mkono kwenye kibodi.